Omushambya, Mti wa Maua ya Manjano

Je, umepata kuona mti wenye maua mengi ya manjano ukisimama kati ya migomba? Katika Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, mti huo huitwa omushambya. Wilaya hizo zilikuwa wilaya moja mpaka Kyerwa ilipotengwa mwaka 2012. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ni vilima vilivyo juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku hewa yake ni baridi. Omushambya huistahimili baridi hiyo, nao huota hata penye mita 2,000.

Huko Japani, ambako theluji huanguka, watu hupanda mti wa maua uitwao magnolia. Vitumba vya aina zake nyingine vimefunikwa na nywele fupi kama blanketi. Vitumba vya omushambya navyo vina nywele laini. Viguse uone.

Sasa chuma ua moja. Petali zake tano zimeungana kama kengele. Tazama ndani: utaona mistari myekundu na stameni nne. Nyuki hupenda sana maua haya, na mwenye mizinga hufanya vema kuupanda mti huu karibu nayo.

Tunda lake ni jembamba na refu, pengine hufikia sentimita 75, nalo huning'inia kama kamba. Likikauka hupasuka, na mbegu nyepesi zenye mabawa huchukuliwa na upepo. Kwa hiyo chuma matunda yanapogeuka rangi ya kahawia, kabla hayajapasuka, uyaanike juu ya mkeka. Anayechelewa hupata maganda matupu.

Tayarisha kitalu miezi kadhaa kabla ya mvua za Septemba. Changanya udongo na samadi iliyooza. Sia mbegu juujuu, zifunike kwa udongo kidogo tu, kisha jenga kichanja cha majani cha kuzuia jua kali. Mwagilia asubuhi na jioni. Miche ikikua, punguza kivuli kidogo kidogo ili izoee jua.

Mche ukifikia sentimita 30, uhamishie mpakani mwa kibanja mvua zinapoanza. Usiupande penye maji yaliyotuama, maana mizizi huhitaji hewa. Uzungushie miiba mbuzi wasiufikie.

Kwa nini mkulima ajisumbue hivyo? Mkungu mkubwa huinamisha mgomba. Upepo ukivuma, mgomba usioegemezwa huanguka, na chakula cha jamaa hupotea kabla hakijakomaa. Nguzo za omushambya ni imara na mchwa hawazili upesi. Tena, ukiukata mti huu, kisiki huchipua. Acha machipukizi mawili yaliyonyooka, nayo yatakuwa nguzo nyingine. Mwenye miti hiyo kibanjani hana haja ya kwenda kukata miti ya mlimani. Majani yanayoanguka ni matandazo mazuri ya kahawa na migomba.

Jaribio

Chukua mbegu mbili za omushambya. Moja iondoe mabawa. Simama juu ya kiti, uziachie zote mbili kwa wakati mmoja, na mwenzako atazame. Ipi imetangulia kufika chini? Rudia nje penye upepo, kisha pima kwa hatua umbali wa kila mbegu. Kama mbegu zote zingeangukia chini ya mti mama, miche ingekosa nini?