Neno «augurar»: Ndege Anatabiri Nini?



Usiku mmoja bundi alilia juu ya nyumba yetu ya kulala, sisi wa mwaka wa sita. Wamoja wakasema: «Njo basi, tutaanguka mu Examen d'État.» Kesho yake tulisoma mu kitabu kidogo cha Kispania: «Te auguro éxito.» Éxito ni kufaulu. Rafiki mmoja alitafsiri kwa Kiingereza: «I wish you success.» Je, ni sawa? Sisi kapita tunajibu: hapana.

1. Mzizi. «Augurar» linatoka kwa Kilatini. Mu Roma ya zamani, augur alikuwa kuhani mwenye kuangalia ndege ginsi wanaruka na kulia, ili ajue kama miungu wanakubali jambo. Kwa Kifaransa tunasema «oiseau de mauvais augure», kwa Kispania «ave de mal agüero». Hata Kiswahili: «ndege» ni mnyama wa mabawa, na tena ni alama ya mambo yatakayokuja, ndege njema ao ndege mbaya.

2. Kutafsiri. Uliza kwanza: nani anatangaza?

a) Kama ni mtu, andika predict ao foretell: «I predict success for you.» Wish ni kutakia heri tu, hata kwa mvivu. Mwenye kutabiri anategemea alama alizoziona.

b) Kama ni kitu: «Las nubes auguran lluvia», mawingu yanatangaza mvua: «The clouds portend rain.»

c) Kiingereza kiko na augur pia, lakini mara nyingi pamoja na well ao ill: «This augurs well», ni dalili njema. Usiandike «I augur you success».

3. Na bundi? Wingu linatangaza mvua kwa sababu maji yako ndani yake. Bundi analia kwa kuita mwenzake na kulinda pahali pake. Daftari zetu hakuziona. Lakini ndugu yetu mmoja, tangu usiku ule, aliacha kusoma. Ile njo «augurs ill»! Tulimwendea, na sasa tunarudilia masomo pamoja naye kila mangaribi.

Zoezi: tafsirini kwa Kiingereza, «Tu trabajo augura un buen resultado.» Trabajo ni kazi, resultado ni matokeo. Angalieni: hapa si mtu anayesema, ni kazi yako yenyewe.