Mzee Akae Kwake au Azunguke kwa Watoto?

Mtu akistaafu hapa Nkuhungu hujiuliza: nikae kwangu, au nizunguke kwa watoto?

Kuzunguka kuna faida. Mzee huona wajukuu wala hakai mpweke. Kiangazi cha Dodoma ni kirefu, na shamba halina kazi nyingi.

Hasara zipo pia. Kukaa sana ndani ya basi huvimbisha miguu. Dawa ya shinikizo la damu humezwa kila siku. Ikiachwa, shinikizo hupanda, na mzee anaweza kupooza.

Basi akisafiri, abebe dawa za kutosha na kadi ya kliniki. Njiani anyooshe miguu. Nyumba yake asiiuze. Apate pa kurudi.

Swali: Dawa za mzee wenu zinatosha siku ngapi?