Namba Iliyomhadaa Fermat

Swali: Je, 4,294,967,297 ni namba tasa? Nimeijaribu kwa namba zote tasa hadi 100, nisipate kigawo.

Jibu: La, ndugu yangu, wala taabu yako haikupotea bure, kwani hata Fermat, yule Mfaransa mahiri wa hesabu wa karne ya 17, aliitakidi kwamba namba hiyo, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 32 kuongezwa 1, haigawanyiki, mpaka Euler alipodhihirisha, mwaka 1732, kuwa 641 huigawanya pasi na baki. Siri yake, nayo ni latifu mno, ni kuwa kila kigawo chake tasa, kikigawanywa kwa 64, hubakisha 1. Basi ukishazipita 193, 257, 449 na 577, inayofuata ndiyo hiyo 641. Ukiigawanya namba yako kwa 641, utapata 6,700,417; kuhakiki, izidishe hiyo 6,700,417 kwa 600, upate 4,020,250,200. Kisha kwa 41, upate 274,717,097. Jumlisha, utaiona namba yako.