Dondoo muhimu: Kuisoma *d++ = *s++ katika C

Ukikuta while (*d++ = *s++); usiiruke. Inanakili maandishi kutoka s kwenda d, mtindo ulioenezwa na kitabu cha Kernighan na Ritchie cha 1978.

Alama ++ ikiwa nyuma hushikana na pointa kabla ya *. Kinachosogea mbele ni pointa, ila * hutumia anwani ya awali. Ukitaka kuongeza thamani iliyomo, andika (*s)++.

Alama moja ya = huweka thamani, hailinganishi. Matokeo yake ni herufi iliyonakiliwa. Ikishanakiliwa sifuri inayofunga maandishi, mzunguko hukoma.

Hatari iko kwingine: hakuna kinachopima nafasi ya d. Ikijaa, herufi zitafuta data jirani. Hakikisha ukubwa kwanza.