Mwanza hadi Mtwara: Umbali wa Angani na Saa za Safari

Mfanyabiashara anayetoka Mwanza kwenda Mtwara kwa ndege, akipitia Dar es Salaam, aweza kudhani kwamba anazungushwa bure. Mji mmoja uko kando ya Ziwa Victoria, wa pili uko karibu na mto Ruvuma. Kwa nini basi apelekwe kwanza pwani? Hebu tupime jambo hili kwa hesabu ya shule.

Mzingo wa dunia ni kama kilomita 40,000. Tukiugawa kwa digrii 360, kila digrii ya latitudo inakuwa kilomita 111 hivi. Digrii ya longitudo hupungua kadiri tunavyoiacha ikweta: mjini London ni kama kilomita 69 tu. Kwetu upungufu huo ni mdogo mno, hata twaweza kuusamehe.

Uwanja wa ndege wa Mwanza uko digrii 2.4 kusini na 32.9 mashariki, wa Mtwara uko 10.3 kusini na 40.2 mashariki. Tofauti ni 7.9 na 7.3. Kwa kuwa mistari ya latitudo na longitudo hukatana kwa pembe mraba, tunatumia kanuni ya Pythagoras: mraba wa 7.9 ni 62.41, wa 7.3 ni 53.29, jumla 115.7. Kipeuo chake cha pili ni 10.76. Tukizidisha kwa 111, tunapata kilomita 1,194.

Sasa tupitie Dar es Salaam, ambako uwanja uko digrii 6.9 kusini na 39.2 mashariki. Kwa njia ile ile, Mwanza hadi Dar es Salaam ni kilomita 859, na kutoka hapo hadi Mtwara 393. Jumla ni 1,252. Msomaji na ahakikishe mwenyewe kwa penseli. Mzunguko wote umeongeza kilomita 58 tu! Kwa ndege ya rafadha iendayo kilomita 600 kwa saa, hizo ni dakika sita.

Saa zinapotea wapi, basi? Zinapotea chini. Kila safari ina mwendo wa polepole uwanjani, kupaa, kushuka na kutua, na wakati huo ndege haiendi kwa kasi yake kamili. Anayebadilisha ndege hulipa gharama hiyo mara mbili. Upepo wa mbele nao huongeza dakika. Lakini kinachozidi yote ni kungoja ndege ya pili. Ikiwa imekwisha kuondoka, abiria atatafuta nyumba ya wageni, pengine huko Kariakoo, na siku nzima ya biashara imekwenda.

Na Kariakoo penyewe pana somo lake. Kutoka sokoni, katika jengo lililofunguliwa mwaka 1975, hadi Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere ni kama kilomita 10 kwa mstari ulionyooka. Ndege yetu ingezimaliza kwa dakika moja. Teksi katika Barabara ya Nyerere, jioni watu watokapo kazini, yaweza kuchukua saa nzima, yaani zaidi ya muda ambao ndege huhitaji kuzivuka zile kilomita 393 za kwenda Mtwara.