Kupeleka Maji Safi Katika Kambi ya Mkutano

Wakati wa mkutano mkubwa watu wengi wanalala pamoja katika vibanda kwa siku tatu au nne. Chemchemi yenu ni nzuri. Basi kwa sababu gani wengine wanarudi nyumbani wakihara? Mara nyingi chemchemi haina kosa. Maji yalichafuka njiani. Mtu mmoja alitoka chooni bila kunawa, akatumbukiza kikombe ndani ya pipa, na wote waliokuja nyuma wakanywa uchafu wa mkono wake.

Kando ya maziwa Kivu na Tanganyika jambo hili si dogo, maana kolera inarudi mara kwa mara, nayo inaweza kuua mtu mwenye nguvu kwa saa chache tu. Mwaka 1993, katika kambi moja ya wakimbizi kule Malawi, jamaa zingine zilipewa ndoo zenye kifuniko na mdomo wa kumiminia, mikono isiingie. Watoto wao wadogo walihara kidogo kuliko watoto wa jamaa zingine, ijapokuwa wote walichota maji pamoja.

Tafuta pipa la plastiki la lita 200 lililokuwa na chakula. Lililokuwa na mazuti au dawa ya wadudu ulikatae, hata likioshwa mara kumi. Fundi atie robine vidole viwili juu ya chini ya pipa, ili takataka zibaki. Liweke juu ya mawe likingali tupu. Likijaa linapita kilo 200, wala hamtalisogeza.

Lisimamishe chini ya ukingo wa mtelemko. Wachotaji watatua bidoni zao juu ya ukingo, na maji yatashuka yenyewe kwa mpira, kupitia tundu dogo la kifuniko. Hivi kifuniko hakifunguliwi kamwe. (Kama mahali ni tambarare, nunueni pompi ndogo ya mkono.)

Lakini maji yataanzaje kushuka? Watu wanapenda kuvuta mpira kwa kinywa. Usifanye hivi! Mate yako yanaingia katika maji ya watu wote. Nawa mikono kwa sabuni, jaza mpira maji safi, ziba ncha zote mbili kwa vidole gumba. Ingiza ncha moja upesi ndani ya maji ya bidoni, nyingine ikingali imezibwa. Shusha hii ya pili katika pipa, uiachilie. Maji yatafuata mpaka bidoni itakapokwisha.

Halafu tia dawa ya Javel isiyo na manukato. Soma kibandiko: ikiwa nguvu yake ni 5 kwa 100, vijiko vidogo vinne, yaani mililita 20, vinatosha pipa zima la maji meupe. Maji yenye udongo yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, dawa iwe mara mbili. Ngojeni nusu saa kabla ya kunywa. Mama mmoja au kijana mwaminifu akae karibu na robine, na ndoo ya kunawia iwe hapo.

Mkutano ukiisha, mwaga maji yote, tundika mpira ncha zote zikitazama chini, ukauke. Mtu akija kuuazima avute mazuti ya gari, mnyime, hata akiwa mchungaji.