Chensoo Ikikataa Kuwaka

Msumeno wa mnyororo, ambao mafundi huuita chensoo, ni chombo cha bei. Ukikataa kuwaka, kazi ya siku imelala. Wengi huvuta kamba mpaka bega linauma. Usivute tu! Injini yataka vitu vitatu: mafuta, hewa na cheche. Kimoja kikikosekana, haiwaki.

Tuanze na mafuta. Oili ya injini hii huchanganywa humo humo ndani ya petroli. Mashine nyingi za siku hizi hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, yaani lita 1 kwa mililita 20. Nyingine hutaka zaidi. Kitabu cha mashine ndicho kisemacho. Wewe sasa wajua kusoma, kisome. Mtu akinunua petroli hapa Mwembesongo na kwenda nayo mlimani bila oili, mashine itawaka vizuri tu, naye atafurahi. Kisha pistoni itakwaruzika na kukwama. Hapo si kazi ya bisibisi tena, ni kuuza mbuzi. Petroli iliyokaa kwenye dumu tangu masika yaliyopita, nayo usiitie.

Sasa tazama swichi. Usicheke, wengi huisahau. Kisha fungua plagi uiangalie. Ikiwa imelowa, injini imemeza mafuta mengi, mara nyingi kwa sababu choki iliachwa imefungwa. Ifute plagi. Zima swichi, fungua choki, vuta kamba mara kadhaa tundu likiwa wazi ili mafuta yatoke. Rudisha plagi, washa swichi, jaribu tena. Usijaribu cheche karibu na mafuta hayo, utaungua. Plagi ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta sana, basi mafuta hayafiki: angalia chujio dogo lililo mwisho wa mpira ndani ya tangi. Ikiwa nyeusi kwa masizi, isafishe. Mwanya wake kwa kawaida ni nusu milimita.

Je, yawaka kisha yazimika? Fungua chujio la hewa. Mara nyingi limejaa unga wa mbao. Likung'ute, lioshe kama kitabu kinaruhusu, likauke kabisa. Kama ni safi, iache mashine ipoe, ulegeze kifuniko cha tangi taratibu, mbali na moto na sigara. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, tundu la kupumulia limeziba, lisafishe.

Skrubu za kabureta mwachie fundi. Watu hukimbilia hizo kwanza, na huharibu mashine iliyokuwa na uchafu tu.

Wakati wa kuwasha, weka chensoo chini, funga breki ya mnyororo, kanyaga mshikio wa nyuma. Kuiwasha ikining'inia mkononi ni kuchezea mguu wako.

Tena, kuwaka si ruhusa ya kukata. Ipo Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na sehemu kubwa ya msitu wa Uluguru ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008. Uliza kibali kwanza.

Hesabu: Una dumu la petroli la lita 5. Kwa lita 1 unatia mililita 20 za oili. Utatia mililita ngapi? (Jibu: 100.)